Dawa ya ini imo kabatini tayari

Malawi ina watu karibu milioni moja wanaoishi na VVU. Wengi wao humeza kila siku kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kwenye vituo vya afya kidonge hicho hujulikana kwa namba, 13A. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawajaelezwa ni kwamba mbili kati ya dawa hizo, tenofoviri na lamivudini, huvidhibiti pia virusi vya homa ya ini aina B. Uchambuzi wa tafiti za Malawi uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba watu 8 hivi katika kila 100 wana virusi hivyo. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, inaonekana wazi kwamba makumi ya maelfu ya Wamalawi wanatibiwa homa ya ini bila wao wenyewe kujua kuwa wanayo.

Sasa mfikirie jirani yao. Hana VVU, ana homa ya ini B peke yake. Akienda kwenye kituo kilekile atakuta kabati ni lilelile na kidonge kimo humo, ila mpango uliokileta haukumlenga yeye. Mara nyingi hata hapimwi. Akija kujua, huwa ni kwa bahati: alikwenda kuchangia damu, na huduma ya taifa ya uchangiaji damu, ambayo hupima kila chupa, ikakuta virusi. Mwingine hujua akiwa mjamzito, au tumbo likishaanza kuvimba. Mwenye maradhi mawili anapata tiba ya yote mawili, na mwenye moja anarudi nyumbani na ushauri wa kuacha pombe. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu na kila mara linaniuma upya, kwa sababu tunajua dawa hii inafanya nini kwa mtu akiitumia mwaka hadi mwaka.

Jirani huyo anaweza kuwa Mchewa wa Lilongwe au wa Dowa. Makala haya yanamwangalia zaidi akiwa mkimbizi.

Kambi ya Dzaleka iko wilayani Dowa, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi elfu kumi na kitu. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo ya mashariki, kisha Burundi na Rwanda. Sokoni, kanisani na kwenye foleni ya dawa, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Kituo cha afya cha Dzaleka huwahudumia wakimbizi na wanavijiji wa jirani kwa pamoja. Mgonjwa anayekishinda kituo hupelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa, na akizidi hupewa rufaa ya Hospitali Kuu ya Kamuzu jijini Lilongwe.

Watu hawa wametoka ukanda ambako virusi vya homa ya ini B vimeenea tangu zamani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivyo, na takribani milioni 65 kati yao walikuwa Afrika. Katika Afrika yetu wengi huambukizwa wakiwa wadogo, ama na mama wakati wa kuzaliwa, ama na ndugu na wenzao wa kucheza kabla ya kutimiza miaka mitano, kupitia michubuko na damu kidogo isiyoonekana. Umri huo ndio unaoamua mengi. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa virusi kubaki mwilini maisha yake yote ni kama 90 kwa 100. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, uwezekano huo hushuka chini ya 5 kwa 100. Kwa hiyo Mkongo wa Uvira au Fizi mwenye miaka 35 leo, aliyezaliwa kabla nchi yake haijaanza kuwachanja watoto, yawezekana ametembea na virusi hivyo tangu akiwa ananyonya, akavuka navyo Ziwa Tanganyika, akapita navyo Tanzania na kufika navyo Dowa, bila kuumwa hata siku moja.

Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Kwa miaka 20 au 30 unanyamaza. Ndani, ini linashambuliwa na kujiponya, linashambuliwa tena na kujiponya, na kila mara linaacha kovu. Makovu yakiwa mengi ini husinyaa, damu hukosa njia ya kupita, maji hujaa tumboni, macho yanakuwa manjano, na wengine hutapika damu. Kwa wengine saratani hutangulia hata kabla ini halijasinyaa. Utafiti wa nchi kadhaa za Afrika uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kusini mwa Sahara umri wa katikati wa wagonjwa wa saratani ya ini ulikuwa katika miaka ya arobaini, na baada ya kugunduliwa nusu yao hawakuishi hata miezi mitatu. Huo ni umri wa baba mwenye watoto shuleni.

Kule Kivu, mashariki mwa Kongo, kijana mwenye nguvu akianza kukonda huku tumbo linajaa, jibu la haraka ni kwamba amepewa karuho, yaani sumu. Warundi nao wanayo maelezo ya namna hiyo, na imani hizo zimekuja Dzaleka pamoja na wenyewe. Zimevunja nyumba nyingi, kwa kuwa sumu lazima iwe na mtu aliyeitia. Sioni sababu ya kuwacheka watu hawa, maana walichokiona ni cha kweli. Wamemwona kaka akifa na tumbo lililojaa, miaka michache baadaye mdogo wake akafuata vilevile, kisha dada. Mtu asiyejua kwamba wote watatu walivipata virusi kwa mama mmoja au kwenye mkeka mmoja ataona mkono wa adui unaoiandama familia. Kipimo cha damu cha dakika 15, kinachofanywa kwa tone la kidoleni, kingeweza kuwaondolea majirani tuhuma na kuwaokoa ndugu waliobaki. Badala yake mgonjwa hupelekwa kwa mganga, hunyweshwa mitishamba, na baadhi ya mitishamba huliumiza ini lilelile lililoelemewa.

Turudi kwenye kidonge, na tuulize kinafanya nini mtu akikimeza mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi.

Zamani madaktari walifundishwa kwamba ini likishasinyaa halirudi nyuma. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Asia uliowahusisha wagonjwa 651 wenye homa ya ini B ambao maini yao yalikuwa na makovu mengi au yamekwisha kusinyaa. Baadhi walipewa lamivudini, wengine kidonge kisicho na dawa. Ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa tofauti ilionekana mapema: ugonjwa uliendelea kuwa mbaya kwa watu 7.8 katika kila 100 waliopata dawa, na 17.7 katika kila 100 waliokosa. Saratani ya ini iliwapata 3.9 kwa 100 upande mmoja na 7.4 kwa 100 upande wa pili. Miaka minane hivi baadaye ukaja ushahidi mzito zaidi kuhusu tenofoviri. Wagonjwa 348 walikubali kuchomwa sindano ya kuchukua kipande kidogo cha ini mara mbili, mwanzoni na baada ya miaka mitano ya dawa. Maini ya watu 304 yalikuwa yamepata nafuu. Kati ya 96 walioanza na ini lililosinyaa, 71 hawakuwa tena na ini lililosinyaa.

Ningependa msomaji alisome tena jambo hilo. Watu watatu katika kila wanne ambao zamani wangeambiwa hakuna la kufanya walipata ini ambalo halikuwa tena limesinyaa, kwa kidonge kimoja kwa siku, dawa ambayo leo toleo lake lisilo la kampuni asili hupatikana kwa chini ya dola 3 kwa mwezi.

Hata hivyo kidonge hiki hakiondoi virusi. Virusi vya homa ya ini B huficha nakala ya vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli ya ini, mahali ambapo tenofoviri haifiki. Dawa inazuia nakala mpya zisitengenezwe. Ile ya ndani inabaki. Ni mtu mmoja hivi katika kila 100 kwa mwaka ambaye kipimo chake cha virusi hugeuka kabisa na kuonyesha hana tena. Waliobaki lazima waendelee. Anayeacha kienyeji kwa kuwa anajisikia mzima anaweza kupatwa na mlipuko: virusi huzaliana upya kwa kasi, kinga ya mwili hulivamia ini, na kama lilikuwa limesinyaa, linaweza kushindwa kazi ndani ya wiki chache. Hatari ya saratani nayo hupungua sana bila kuisha, hasa kwa aliyechelewa kuanza. Baadhi hupata matatizo ya figo au mifupa kupungua uimara, ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara ili kuziangalia figo. Malawi imekuwa ikiwaangalia watu wa VVU walio kwenye dawa hiyohiyo kwa zaidi ya miaka kumi, hivyo kazi hii si ngeni kwa wauguzi wake.

Kuchelewa ndiko kunakoua. Addis Ababa, katika Hospitali ya St. Paul, Waethiopia walianzisha mwaka 2015 mpango wa kutibu homa ya ini B kwa tenofoviri katika hospitali ya umma, wakaandikisha watu 1,303. Walioanza dawa mapema walifanya vizuri. Vifo vilijikusanya kwa wale waliofika na maji tumboni tayari. Dawa ilikuwa ileile, na kilichowatofautisha kilikuwa hali ya ini siku walipoingia mlangoni.

Malawi yenyewe ilijifunza somo jingine kwa gharama. Ilipoanza kugawa dawa za VVU (ARV) bure kote nchini mwaka 2004, kidonge cha kwanza kilikuwa na stavudini, lamivudini na nevirapini. Katika hizo tatu, lamivudini peke yake ndiyo iligusa virusi vya ini, na virusi hivi hujifunza haraka kuikwepa dawa inayopigana peke yake. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, waliona usugu ukijitokeza mapema, kwa kirusi cha aina ya A1 kilichozoeleka huko. Kuanzia 2011 tenofoviri ikaingizwa, kwanza kwa wajawazito na makundi machache, kisha kwa watu wazima wote. Hadi sasa tenofoviri haijashindwa kwa usugu wa namna ile hata kwa watu walioitumia miaka minane na zaidi. Walioanza zamani na lamivudini walivuka kwenda kwenye dawa bora, na wengi hawakujua kwamba badiliko lile la kidonge liliyaokoa maini yao pia.

Kwa miaka mingi kilichomzuia jirani yetu kilikuwa mwongozo wenyewe. Ili aanze dawa alitakiwa apimwe wingi wa virusi kwenye damu, kipimo cha bei ghali, kisha vimeng'enya vya ini, kisha hali ya makovu. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lililegeza masharti hayo. Sasa pasipo na kipimo cha wingi wa virusi, mgonjwa anaweza kuanza dawa iwapo vimeng'enya vya ini viko juu mfululizo, au iwapo hesabu rahisi itokanayo na kimeng'enya kimoja pamoja na chembe sahani za damu inazidi 0.5. Mwenye VVU, kisukari, au ndugu wa damu aliyekufa kwa saratani ya ini anaweza kuanza bila kusubiri hayo. Vijana wa miaka 12 na kuendelea wameingizwa. Na palipo na tenofoviri iliyochanganywa na lamivudini, mwongozo unaruhusu mchanganyiko huo utumike. Kwa masharti ya zamani ni watu 8 hadi 15 katika kila 100 wenye virusi waliostahili dawa. Kwa masharti mapya ni zaidi ya nusu.

Kwa kituo kama cha Dzaleka, hayo yana maana kubwa. Vimeng'enya na chembe sahani ni vipimo vya maabara ya kawaida ya hospitali ya wilaya, hivyo sampuli inaweza kwenda Dowa bila mgonjwa mwenyewe kupanda minibasi hadi Lilongwe. Mashine za GeneXpert zilizoletwa Malawi kwa ajili ya kifua kikuu na VVU zinaweza kupima pia wingi wa virusi vya ini, mradi katriji zake zinunuliwe. Sharti moja haliwezi kurukwa: kila anayepewa tenofoviri na lamivudini kwa ajili ya ini lazima apimwe VVU kwanza. Mwenye VVU akipewa dawa hizo mbili bila dawa ya tatu, VVU vyake vinaweza kujenga usugu.

Uganda haikungoja mwongozo huu. Mwaka 2015 serikali ilianza kampeni ya kupima na kuchanja watu wazima, ikianzia mikoa ya kaskazini iliyoathirika zaidi, na wenye virusi wakaelekezwa kwenye hospitali za umma. Kampeni ile ilipita katika vipindi vya upungufu, lakini ilithibitisha kwamba nchi ya Afrika Mashariki inaweza kumwita mtu mzima asiyeumwa aje apimwe ini, naye akaja.

Ugumu wa Dzaleka uko kwenye miaka. Tiba hii inamtaka mtu awe na mahali pa kuchukulia dawa mwezi huu, mwaka ujao, na miaka kumi ijayo. Mkimbizi aliyeko Malawi kisheria anatakiwa kukaa kambini, na wengi walitoka kwenda kutafuta riziki mijini. Machi 2023 serikali iliwaamuru warudi Dzaleka, na Mei mwaka huohuo polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe, wakafunga maduka yao. Mtu aliyekuwa akichukua dawa kwenye kliniki ya mjini alipokea amri hiyo kama wengine. Posho ya chakula kambini imepunguzwa mara kadhaa kwa ukosefu wa fedha. Tenofoviri inaweza kumezwa hata bila chakula, lakini mwenye njaa ya siku mbili ana mambo mengine ya kuwaza kuliko tarehe ya kliniki. Njaa inaleta pia hatari nyingine kwenye ini: mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya huota ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani huongezeka mara nyingi. Aliyeshiba huchagua karanga na kutupa zilizooza. Mwenye njaa huzila.

Naamini kituo cha kambi kinaweza kufanya mambo ambayo hospitali kubwa haiwezi. Kinawajua watu wake. Wahudumu wa afya wa jamii ni wakimbizi wenyewe na wanaingia kila nyumba. Utoaji wa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo, uliokwisha zoeleka Malawi kwa watu wa VVU, ungemfaa sana mtu anayeweza kuhamishwa kesho. Nisingependa, hata hivyo, wagonjwa wa ini wachanganywe kwenye foleni ya ARV pasipo maelezo. Kambini macho ni mengi, na mwanamke atakayeonekana akibeba kopo la ARV anaweza kupoteza ndoa kabla hajafika nyumbani. Yafaa maelezo yatangulie dawa, na mume aitwe apimwe pia.

Yuko pia mtoto anayezaliwa usiku huu. Malawi imewachanja watoto dhidi ya homa ya ini B tangu 2002, ndani ya chanjo ya magonjwa matano, na waliozaliwa Dzaleka wameipata. Ratiba hiyo huanza wiki ya 6. Mtoto wa mama mwenye virusi vingi anaweza kuambukizwa siku ileile anayozaliwa, kabla ya kuifikia wiki hiyo. Kinachomkinga ni dozi ndani ya saa 24 za kwanza, na mama kumeza tenofoviri miezi ya mwisho ya ujauzito. Afrika nzima mwaka 2022 ni watoto 18 hivi katika kila 100 waliopata dozi hiyo ya kwanza. Gavi, mfuko wa chanjo, umefungua tena mlango wa kusaidia nchi zinazotaka kuianzisha. Mama akipimwa VVU kliniki, kama wapimwavyo wote Malawi, tone la pili la damu lingetosha kumpima homa ya ini pia.

Wengine wa Dzaleka walikuwa wakisubiri kupelekwa nchi za mbali. Wengi huogopa kupimwa wakidhani jibu la homa ya ini B litawafutia safari. Kwa upande wa Marekani ugonjwa huu haukuwa kizuizi. Mtu alisafiri na kuendelea na matibabu huko. Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimefunga mizigo zikaifungua. Maana yake ni kwamba tiba ambayo wangeipata Ohio au Texas lazima sasa ipatikane Dowa.

Ili tiba isikatike mtu akihama, kumbukumbu zake zimfuate. Kila mgonjwa Malawi hubeba daftari dogo linaloitwa pasipoti ya afya, nalo huandikwa kila anapotibiwa. Mwenye homa ya ini B ahakikishe yameandikwa humo mambo manne: tarehe ya kipimo kilichoonyesha virusi, majibu ya vimeng'enya na chembe sahani, jibu la VVU, na jina la dawa pamoja na siku aliyoianza. Apige picha kurasa hizo kwa simu yake, na nyingine aiweke kwenye simu ya ndugu. Daktari wa Lilongwe, Nampula, Kigoma au Winnipeg akiziona kurasa hizo ataweza kuendeleza dawa siku hiyohiyo, na vidonge vya mwezi havitakatika.